Mama Chini ya Mchanga

Katika hadithi zangu za mwanzo, akina mama wote walikufa mapema. Mmoja alikufa kwa homa katika aya ya kwanza, mwingine nilimfagia kwa sentensi moja, na wa tatu alikuwa tayari kaburini hadithi ilipoanza. Sikujua kwamba nilikuwa nikifanya hivyo mpaka Jumamosi moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika kikundi chetu cha waandishi chipukizi mjini Kitui. Tulikuwa tukikutana kwenye hoteli moja nyuma ya soko, tunasukuma meza mbili pamoja, tunaagiza chai, na kila mmoja anasoma alichoandika huku wengine wakimchambua bila huruma.

Siku hiyo nilikuwa nimesoma mimi. Mwalimu mwenzangu, mwanamume wa sauti nzito aliyependa kuchambua kuliko kuandika, akaweka kikombe chini.

"Dada, samahani. Kwani hawa mama zako wanakula nini? Maana hakuna anayefika ukurasa wa tatu."

Meza yote ikacheka. Nami nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Mama yako mzazi yuko?" akaniuliza.

"Yuko. Yuko huko Matiliku, analima. Ana nguvu kukushinda wewe."

"Basi mwandike huyo. Umwandike akiwa hai, tuone kama utaweza."

Nikasema nitaweza. Lakini kifua kilikuwa kinabana kama kilivyozoea kubana tangu utoto. Nilijua vizuri kwamba nikimwandika mama akiwa hai, kalamu itanipeleka mtoni, na mtoni nilikuwa sijathubutu kurudi.

Mto wetu si mto wa maji, isipokuwa siku chache za mvua. Miezi mingine yote ni barabara pana ya mchanga mweupe, na maji yako chini yake, yamejificha. Mwanzo wa kiangazi unachimba kidogo kwa mikono na unayapata. Kiangazi kikikaza, maji yanashuka, na wewe unayafuata. Katikati ya miaka ya sabini kulikuwa na ukame ambao uliyapeleka chini sana, mpaka kisima chetu kikawa kirefu kuliko mama akisimama na kuinua mkono. Kuta zake zilishikiliwa kwa vijiti na matawi ya miiba. Ngazi zilichongwa kwenye mchanga wenyewe, pale ulipokuwa na unyevu wa kutosha kujishikilia. Mama alikuwa akishuka, anachuchumaa, anangoja maji yajikusanye, anachota kwa kibuyu, kisha anasimama na kunipitishia. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi ukingoni, nimenyoosha mikono. Nilikuwa sijaanza shule.

Mchanga una tabia moja: hauonyi. Mti ukitaka kuanguka utalia. Paa likitaka kubomoka litadondosha vumbi kwanza. Mchanga unasimama wima, umetulia, kisha hausimami tena.

Ilikuwa Jumapili. Siku nyingine foleni ya wanawake ilikuwa ndefu, na maji yaliisha kabla zamu yetu haijafika. Lakini Jumapili asubuhi watu wote wa upande wetu walikuwa kanisani. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kukosa ibada, alisema Mungu atatusamehe tukichelewa, kwani hata yeye hapendi kuimbiwa na watu wasiooga. Akavua gauni lake la kanisani ili lisichafuke, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe, akashuka kisimani na shimizi peke yake. Alikuwa akiimba. Nilipokea vibuyu kadhaa, mtungi ukafika nusu. Kisha nikasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayemwaga mtama kwenye gunia, na kuimba kukakatika katikati ya neno.

Nilipochungulia, kisima hakikuwepo. Kulikuwa na bonde tu la mchanga, kavu juu, lenye unyevu pembeni, na katikati yake nywele za mama na mkono mmoja mtupu. Vidole vilikuwa vinafunga na kufungua.

Nilipiga kelele. Sijui kwa muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba mtu alitokea ukingo wa pili, akiwavuta mbuzi wawili kwa kamba, na nilipomwona ni nani nilifurahi, maana alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Walikuwa wameoana si zamani, na dada alikuwa amepelekwa mbali, Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, kwenye watu wa mifugo. Mbuzi wale walikuwa sehemu ya mahari. Lori lililokuwa likipeleka mifugo Makindu lilikuwa limemshusha barabarani, naye akakata njia kupitia mtoni.

Akaja mbio. "Nani yuko humo?"

"Mwaitu!" nikasema. Mama yangu.

Akatazama ndani ya bonde lile. Kisha akageuka, akanipa mgongo.

Kumbukumbu yangu ilikatikia hapo kwa miaka yote iliyofuata. Mgongo wa mwanamume mwenye nguvu, shati la kijivu lenye jasho, na nyuma yake mama yangu akimezwa na dunia. Baada ya mgongo ule hakuna kitu. Kumbukumbu inayofuata ni ya nyumbani: mama amelala kwenye mkeka, anakohoa mchanga, na wanawake wa kanisa wamejaa mlangoni na mavazi yao meupe. Nilidhani wao ndio waliomtoa. Sikuuliza, kwa sababu nyanya yangu alinishika kidevu kwa vidole vyake vikavu, akanigeuza uso, akaniambia, "Wewe hukuona kitu. Umesikia? Hukuona."

Nikasema nimesikia.

Ni lazima nieleze, kwa msomaji asiye wa kwetu, kwamba Ukambani kuna heshima tunayoiita nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya, na kali kuliko zote ni ile ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani, anageuza uso mpaka mwenzake apite. Mwanamume kumshika mama mkwe wake, au kumwona akiwa hajavaa, ni jambo ambalo wazee wa wakati ule hawakulitaja hata kwa mafumbo. Basi wazee wa ukoo wetu walikaa chini, wakachinja mmoja wa wale mbuzi, wakasema maneno yamefungwa. Shemeji hakuitwa kueleza. Ukimwuliza mtu alichokiona, umekwisha kukitaja, na ukikitaja umekifanya kuwepo. Kwa hiyo hawakumwuliza yeye, hawakumwuliza mama, na mimi niliambiwa sikuona.

Watu wazima walidhani wameizika aibu. Mimi nilibaki na woga usio na jina.

Nilianza kumlinda mama kwa macho. Akiinama ndani ya ghala kutoa mahindi, nilimshika nguo. Akienda chooni, nilisimama nje nikimwita mpaka aitike kwa hasira. "Kwani nimekuwa mwizi, mtoto huyu ananichunga hivi?" aliwauliza majirani, nao wakacheka. Hakujua kwamba kulikuwa na siku ambazo sikuamini kwamba ni yeye. Nilijiambia kwamba mchanga ulimchukua mama yangu na kutupa mwanamke mwingine wa kufanana naye, na kwamba ndiyo sababu haimbi tena. Maana kweli hakuimba tena, wala mtoni, wala shambani. Kanisani alifungua kinywa pamoja na wengine, lakini mimi nilikaa karibu naye na nilijua kwamba hakuna sauti iliyokuwa ikitoka.

Nilikua na woga huo, nao ukakua nami. Katika mazishi, udongo ulipoanza kudondoka kwenye jeneza, nilianguka. Bwenini sikuweza kujifunika blanketi kichwani hata wakati wa baridi. Chuoni, tulipotembelea jengo refu lenye lifti, nilipanda ngazi hadi juu na wenzangu wakaniita mwanariadha. Na mama alipochelewa kunijibu salamu alizotumiwa kwa mdomo wa msafiri, nilikaa siku nzima nikingoja habari za kifo chake. Akilini mwangu nilikuwa nimemzika mara nyingi mno. Haikuwa ajabu basi kwamba kwenye hadithi zangu hafiki ukurasa wa tatu. Nilikuwa namuua mwenyewe mapema ili mchanga usije ukaniwahi.

Nilianza kumwandika mama siku ya mapumziko ya shule, mlango ukiwa wazi kwa sababu sikuweza kuandika hayo nikiwa nimefungiwa. Niliandika gauni juu ya jiwe. Niliandika wimbo. Nilipofika kwenye sauti ya mtama nikainuka, nikatoka, nikazunguka uwanja, nikarudi. Kesho yake nikaanza tena, nikafika kwenye mgongo wa shemeji, nikakwama. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki. Kila nilipofika kwenye mgongo ule pumzi ilikuwa ikikatika.

Lakini hadithi ina ukatili wake, nao ndio ulionisaidia. Hadithi haikubali mtu asimame tu. Mwanamume amegeuka, sawa. Kisha akafanya nini? Alienda wapi? Mbuzi walikuwa wapi? Nilikuwa nimejifunza kazi hii kwa kuulizwa maswali hayo na watu wakali wa meza ile, na sasa nilijiuliza mwenyewe. Siku moja, badala ya kukimbia, nikaandika: *Amenipa mgongo, na mikono yake iko kifuani.* Nikajiuliza, kifuani kwa nini? Nikaona. Alikuwa anafungua vifungo.

Shemeji alivua shati lake. Alilizungusha kichwani, akalifunga kwa nyuma juu ya macho, akalikaza kwa fundo. Kisha akageuka kuelekea bondeni, kipofu, akapiga magoti, akanyoosha mikono mbele yake kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Mtoto," akasema, "wewe ndiye macho. Niambie."

Nami nikamwambia. Kushoto. Mbele. Hapo, hapo, usikanyage, ni kichwa. Alichimba kama mbwa, mchanga ukinirukia mdomoni. Nilikuwa nalia na kuelekeza kwa pamoja. Uso wa mama ulipotokea ulikuwa wa kijivu, macho yamejaa, kinywa kimejaa, naye shemeji akauliza, "Anapumua?" nami nikasema sijui, naye akasema kwa ukali, "Mtazame pua!" Alimchimbua hadi kiunoni, akamshika kwapani, akamvuta. Alipomlaza juu ya mchanga akaniambia nimfunike kwa gauni lake. Nilipomwambia nimemaliza, aliinuka akaondoka na shati likiwa bado machoni, akijikwaa, mpaka akafika ukingoni. Huko akalivua bila kutazama nyuma, akakimbia kuelekea kanisani kuwaita watu.

Nilipoweka kalamu chini niliogopa kuliko mwanzo. Niliogopa kwa sababu mimi ni mwandishi wa hadithi. Najua jinsi mkono unavyoweza kukutengenezea unachokihitaji. Huenda nilikuwa nimemvalisha shemeji kitambaa cha macho ili nipone. Mtu wa kuniambia alikuwa mmoja tu, mama, na maneno yalikuwa yamefungwa kwake kabla ya kwa mtu mwingine yeyote. Nikimwuliza nitakuwa nimeifukua aibu yake. Nisipomwuliza, nitaendelea kumzika.

Nilimkuta nyumbani Matiliku amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mbaazi. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Umekonda. Huko Kitui hawapiki?"

"Wanapika, mwaitu."

"Basi huli. Kaa. Hizo karatasi ni za nini, umekuja kusahihisha mitihani kwangu?"

Nikamwambia ni kitu nilichoandika, na kwamba kinamhusu. Akasema kama kinamhusu nisome kwa sauti, maana miwani yake imevunjika mguu. Nikasoma. Nilisoma kwa Kikamba, nikitafsiri papo hapo, nikisita kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipofika kwenye gauni juu ya jiwe, vidole vyake vikasimama ndani ya mbaazi. Hakuniambia ninyamaze. Nilipofika kwenye mgongo, aligeuza uso ukutani, nami nikajua nimevunja kitu. Nilitaka kukimbia. Niliendelea kwa sababu sikujua namna ya kuacha.

Niliposoma kuhusu shati, akasema, "Ngoja."

Nikaweka kidole kwenye mstari.

"Nani alikuambia alifunga macho?"

"Hakuna. Nilikumbuka. Mwaitu, kama si kweli niambie, nitafuta."

"Mimi nitajuaje?" akasema kwa sauti iliyopanda. "Macho yangu yalikuwa mchanga mtupu! Wewe ndiye uliyekuwa pale!"

Nikaelewa polepole, na kuelewa huko kulinitisha. Miaka yote hiyo mama alikuwa anaamini kwamba mkwe wake alimtazama. Alijua kwamba ni yeye aliyemtoa, aliisikia sauti yake. Alichodhani ni kwamba kijana yule alimwona alivyokuwa, shimizi limepanda, mwili wote uko wazi mbele ya jua. Kwa sababu hiyo hakukanyaga Tseikuru hata mara moja. Dada alijifungua watoto watano bila mama yake kuwapokea, nasi tulisema ni umbali. Wazee hawakumwuliza shemeji, shemeji hangeweza kusema, na mtu pekee aliyeona alikuwa ameshikwa kidevu na kuambiwa hakuona.

"Alifunga hivi?" Mama alichukua leso yake, akaizungusha machoni, akaifunga kwa nyuma.

"Hivyo. Na fundo akalikaza mara mbili."

Alikaa na leso ile machoni kwa muda mrefu. Kuku waliingia, wakadonoa mbaazi miguuni pake, hakuwafukuza. Niliona kifua chake kikipanda na kushuka, nami kama zamani nikawa nakitazama kuhakikisha kinapanda tena.

"Soma tena pale," akasema.

Nilisoma. Aliniomba tena, nikasoma tena. Nilipofika kwenye kuporomoka kwa mchanga niliona kwamba pumzi yangu inabana, lakini haikatiki. Nilipita, nikaenda sentensi iliyofuata, na mwanamume alikuwa pale akichimba.

Tulisafiri kwenda Tseikuru shule zilipofungwa. Njiani niliogopa kila kitu: madaraja, mabonde, na zaidi ya yote nilimwogopa shemeji, kwamba atasema si kweli. Dada alilia alipotuona, kisha akatugombeza kwa kuja bila kutuma habari, maana hakukuwa na nyama. Shemeji, aliyekuwa sasa mtu wa mvi, alifanya kama ilivyompasa. Alisikia mama mkwe wake yuko uani, akazunguka nyuma ya zizi la mbuzi na kukaa huko. Tuliona moshi wa sigara yake tu.

Mama akakaa upande huu wa zizi, mgongo wake kwenye miti. Akaongea na mbuzi.

"Nasikia mwenye boma hili ni mtu wa kufunga macho," akawaambia.

Mbuzi mmoja akakohoa. Dada, asiyejua lolote, akanitazama kama anayeuliza iwapo safari imemchosha mama akili. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya zizi kwa mikono yote miwili.

Kisha sauti ikatoka upande wa pili. Nayo iliwasemesha mbuzi.

"Ni mtu wa kufunga. Lakini alipigiwa kelele siku hiyo na mtoto mmoja, kushoto, kulia, kushoto, mpaka karibu achimbe mpaka Mombasa."

Mama alicheka. Alicheka hadi akaanza kukohoa, na kikohozi kile kilinirudisha kwenye mkeka na wanawake wa mlangoni, nikamkimbilia. Akanisukuma kwa mkono.

"Niache, siendi popote. Leta karatasi zako."

"Za nini, mwaitu?"

"Umeandika ya juu peke yake. Ya chini hukuyaandika, na hukuwepo." Akajifuta macho kwa upindo wa leso. Upande wa pili wa zizi moshi haukusogea, alikuwa anasikiliza. "Unadhani kulikuwa na giza. Hakukuwa na giza. Andika. Kulikuwa kwekundu, kama unapofumba macho ukitazama jua. Na mchanga ulikuwa wa moto juu na baridi miguuni, na nilikuwa nakusikia."

Niliketi chini mbele yake. Niliandika kwa haraka, mpaka mstari wa kwanza hausomeki hadi leo. Nikamwuliza alikuwa akinisikia nikisema nini, naye akaanza kunieleza.